Kioo Kilichofunikwa Kanga

Juzi, kwenye makumbusho moja huko Houston, nilisimama mbele ya kioo cha shaba cha Warumi wa kale. Kilikuwa kimeota kutu ya kijani chote, hakionyeshi uso wa mtu. Nikamuuliza dada anayekitunza kwa nini hawakisugui kikang'aa. Akaniambia wakikisugua wataondoa hata kile kilichobaki.

Papo hapo nikasikia harufu ya siki.

Mama alipofariki nilikuwa mtoto mdogo, tunakaa mji wa Carrollton. Shangazi alikuja kutoka mji wa Mesquite, akakifunika kioo cha chumbani kwa kanga, kama wafanyavyo kwao msiba ukiingia nyumbani. Mimi nikaelewa kwamba mama amelala humo, amefunikwa asisumbuliwe.

Siku ya kuanua matanga nyumba ilinukia udi na pilau, na sebuleni wageni walianza tena kucheka. Shangazi akaiondoa kanga, akalowesha gazeti kwa siki, akaanza kusugua. Kioo kikawa kinalia kwi, kwi. Pembeni palikuwa na alama ya mafuta ya nazi, pale mama alipokuwa akikishika kwa kidole gumba kila akichana nywele.

Nikapiga kelele, "Shangazi, usimfute mama!"

"Mama hayumo humu, mwanangu. Huu ni uchafu tu," akasema kwa upole, mkono wake ukiendelea.

Alipomaliza nilichungulia. Nilikuwemo mimi peke yangu.

Sasa najua mama hakuwemo kwenye kile kioo. Lakini kidole chake kilikuwemo, na hakikuwa uchafu.