Mshika Mnyororo wa Bellmar

Kwa miaka thelathini na mitano Emil Hrabovsky alishika mnyororo wa kupimia pembeni mwa uwanja wa mpira wa Kimarekani wa shule ya Bellmar, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akishangilia. Si kwamba hakuwa na upande. Bellmar ilikuwa damuni mwake. Lakini washika mnyororo wana miiko yao. Kazi yao, kwa mnyororo wenye mti kila ncha, ni kuonyesha zile yadi kumi ambazo timu lazima iusogeze mpira ili isinyang'anywe zinaanzia wapi na kuishia wapi. Refa akiwa na shaka huwaita, nao hukimbia uwanjani, wakaunyoosha mnyororo, na watu elfu tatu wakanyamaza kuona kama pua ya mpira imeufikia mti wa mwisho. Mtu wa kazi hiyo akionekana anarukaruka kwa furaha, nani atauamini mnyororo wake?

Mwiko wa pili ulikuwa mzito zaidi. Anayesimama pale husikia kila kitu: kocha akitukana, vijana wakilia, siri za timu zikitajwa waziwazi. Ya pembeni hubaki pembeni. Hivyo ndivyo mzee Stanko alivyomwambia siku alipomwachia fulana ya rangi ya chungwa mwaka 1961, na Emil aliyashika maneno hayo kuliko alivyozishika amri za kanisani. Marehemu mkewe, Irma, alikuwa akiwaambia majirani, "Mimi sikuolewa na mwanamume, nimeolewa na kabati. Tena ufunguo umepotea."

Basi katika vuli ya mwaka 1996 kabati hilo lilibeba kitu ambacho nusura kilipasue.

Bellmar ya wakati huo haikuwa tena Bellmar. Kiwanda cha vioo kilikuwa kimefungwa mwaka wa nane sasa. Zamani king'ora kikilia saa tisa alasiri, barabara ya mtoni ilijaa wanaume wenye nyuso nyekundu kwa moto, na mtu alikuwa hana haja ya kuuliza habari, zilimjia zenyewe. Emil alifanya kazi mle tangu Juni 1949 mpaka mlango ulipofungwa kufuli. Vitu vingi viliondoka pamoja na kiwanda: duka la viatu, sinema, hata binti yake aliyehamia Cleveland. Kilichobaki ni Ijumaa jioni, taa za uwanja zikiwaka, na Jumamosi asubuhi, kwenye meza ndefu ya dukani kwa Lottie, pale wazee walipokula donati na kuucheza upya mchezo wa jana kwa midomo.

Mkuu wa meza hiyo alikuwa Bernie Pavlik, fundi wa mapaa mstaafu, mwenyekiti wa chama cha wafadhili wa timu, na bingwa wa kusema. Debe tupu haliachi kuvuma, walimtania, naye alijibu kwamba debe lake lina chuma ndani. Ilikuwa desturi kwamba jambo kubwa likitokea, sahani mbili ziliwekwa mezani, moja ya ndiyo na moja ya hapana, na kila mtu akatumbukiza kidonge chake cha sukari. Jumapili, baada ya misa, Bernie alikwenda kwa kocha na kumpelekea kauli ya meza. Makocha wa Bellmar walijifunza mapema kwamba ile haikuwa sukari tu.

Emil alikuwa na kiti chake pale, kile kilichoegemea kipasha joto. Bernie alikizuia kwa kofia yake kila Jumamosi mpaka Emil afike, na ole wake mgeni aliyeigusa kofia ile. Emil alikaa, akanywa kahawa yake, akasikiliza. Kidonge chake cha sukari alikitia kwenye kikombe. Mshika mnyororo hapigi kura.

Jumamosi hiyo hali ya hewa mezani ilikuwa mbaya. Bellmar walikuwa wamefungwa mchezo wa tatu mfululizo, tena na Kittrell, watu wa ng'ambo ya mto, kumi na nne kwa kumi na tatu. Sekunde za mwisho, Corey Wasko alirusha mpira na mtu wa Kittrell akaudaka kama aliyeletewa nyumbani. Corey alikuwa na miaka kumi na sita, mwembamba, mpole, na ndiye aliyekuwa kwotabeki: yule ambaye mpira huanzia mikononi mwake, na timu nzima humtazama yeye iambiwe la kufanya.

"Jamani, yule mtoto ana ulimi au kaumeza?" alianza Bernie. "Anaingia kwenye duara la wenzake kama anakwenda kuungama. Kiongozi hanong'oni!"

"Ana mkono mzuri lakini," alisema mmoja.

"Mkono! Hata mimi shangazi yangu ana mkono. Namzungumzia mtu wa kuongoza, wewe unaniletea mkono."

"Kimya kingi kina mshindo, Bernie," Lottie alisema huku akimimina kahawa. "Wewe hujui, kwa sababu hujawahi kukijaribu."

Meza ilicheka, Bernie naye akacheka, lakini mkono wake ulikuwa tayari unazivuta sahani mbili. "Haya. Swali ni moja. Mtoto wa Wasko abaki, au akae benchi tumpe nafasi yule kijana wa Metzger mwenye sauti? Sahani hii abaki. Hii atoke."

Emil alikiweka kikombe chini. Maana yeye alijua.

Mchezo ule uliishia hatua tano kutoka aliposimama. Aliuona mpira ukitoka mikononi mwa Corey, safi kabisa, kuelekea mahali ambapo mdakaji, kijana mmoja mrefu, alipaswa kukatia kulia. Kijana mrefu alikata kushoto. Mpira ukafika mahali palipokuwa na mtu wa Kittrell peke yake. Walipotoka nje, kocha alinguruma, "Nani kakosea? Nauliza, nani?" Yule mrefu alifungua mdomo, na midomo yake ilikuwa inatetemeka. Corey akamuwahi. "Mimi, kocha. Nimeurusha vibaya." Kisha, akipita, alimgonga mwenzake kidogo kwenye kofia ya chuma na kumwambia kwa sauti ileile ya kuungama, "Wiki ijayo nakurushia tena. Usijifiche."

Jukwaa zima liliuona mpira. Maneno hayo waliyasikia watatu: yule mrefu, kocha ambaye hakuyaelewa kwa hasira, na Emil mwenye mti wa mnyororo mkononi. Usiku ule hakulala vizuri.

Si kwa ajili ya Corey peke yake. Mtu anaweza kuishi miaka arobaini na nane akidhani jambo limekwisha, kumbe limekaa tu. Oktoba 1948 Emil Hrabovsky alikuwa na miaka kumi na saba, nywele nyingi, na ndiye aliyekuwa kwotabeki wa Bellmar. Baba yake aliomba kubadilishiwa zamu ili aje kumwona. Jukwaani alikaa mgeni mwenye kofia ya kijivu, aliyetoka chuo kikuu, na kila mtu alijua amekuja kumwangalia nani. Emil alirusha mpira kulia. Mdakaji wake alikimbilia kushoto. Kocha wa siku hizo aliuliza nani kakosea, na Emil akasema ni yeye. Alilisema bila kufikiri, kama mtu anavyonyoosha mkono kumshika mwenzake anayeteleza barafuni. Wakati ule meza ilikuwa kwa kinyozi. Meza ikasema kijana hana kichwa cha kuongoza, na michezo minne iliyobaki Emil aliitazama kutoka benchi akiwa na koti mabegani. Mwenye kofia ya kijivu hakurudi. Juni, Emil akaingia kiwandani.

Hakuwahi kulalamika. Alikipenda kioo, alimpenda Irma, na maisha yalimpa mengi mazuri. Lakini kila Oktoba, majani yaliyolowa yakianza kunukia, moyo wake ulirudi kuwa wa miaka kumi na saba na ukamuuma, hilo lazima lisemwe. Labda ndiyo sababu aliukubali mnyororo. Ilikuwa njia ya kuendelea kusimama pale.

Na yule mdakaji aliyekimbilia kushoto aliitwa Bernie Pavlik.

Vidonge vya sukari vilikuwa vimeanza kuanguka. Viwili sahani ya abaki, vinne sahani ya atoke, na cha Bernie kikiwa hewani katikati ya vidole vyake.

"Ngoja," alisema Emil.

Meza iligeuka. Lottie alisimama na birika mkononi. Ilikuwa kama kipasha joto kimeamua kuzungumza.

"Emil, ndugu yangu, una homa?" aliuliza Bernie.

"Sina homa. Nina hadithi."

"Ya jana?"

"Ya jana sina. Jana nilikuwa kazini." Emil alisogeza kikombe chake pembeni. "Yangu ni ya mwaka arobaini na nane. Mchezo wa Kittrell. Mnaukumbuka?"

"Nani asiyeukumbuka! Ule uliowapa bure?" Mzee mmoja alicheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye.

"Kocha aliuliza nani kakosea. Nikasema mimi." Emil hakumtazama Bernie. Aliitazama sahani. "Haikuwa kweli. Mpira niliurusha palepale tulipokubaliana. Aliyepaswa kuwepo hakuwepo. Nikaona kuwa ukimsema mwenzako mbele ya watu akiwa analia, kesho hatakukimbilia tena, hata ukiwa na sauti ya tarumbeta. Basi nikanyamaza. Na wazee waliokaa meza kama hii walisema siwezi kuongoza, kwa sababu sikupiga kelele. Ni hayo tu. Sasa endeleeni na sukari yenu."

Lottie ndiye aliyetangulia kuelewa. Aliliweka birika chini polepole. "Emil," alisema, "ina maana huyu mtoto wa Wasko jana..."

"Mimi sijamtaja mtoto wa Wasko."

"Hujamtaja," alikubali Lottie, "lakini tumekusikia."

Bernie alikuwa bado ameshika kidonge chake. Watu waliomfahamu miaka yote walisema baadaye kwamba hawakuwahi kumwona na uso ule, hata siku alipomzika kaka yake. Sukari ilikuwa imeanza kuyeyuka vidoleni mwake kwa jasho.

"Ni mimi," alisema mwishowe. "Mdakaji alikuwa mimi. Nilikata kushoto. Nilijua siku ileile, nikiwa bado nakimbia, nilijua." Akamgeukia Emil. "Nilikuwa nasubiri useme. Wiki ile, mwezi ule. Mwaka. Ukaoa, nikakusimamia kanisani, nikasema leo atalitoa. Hukusema. Kwani ulidhani nakuwekea kiti hicho kwa uzuri wa sura yako?"

Emil alikitazama kiti alichokalia kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. Miaka yote alidhani ni mazoea tu, au huruma kwa mgongo wake mbovu. Machozi yalimjia na hakuyaficha, na Bernie naye alikuwa akijipangusa kwa kitambaa cha mezani huku akimtukana Lottie kwamba kahawa yake ina moshi.

Kisha Bernie alikitia kidonge chake, kilichobaki nusu, kwenye sahani ya abaki. Mmoja mmoja, wale wanne walinyoosha mikono na kuhamisha vyao.

Jumapili alikwenda kwa kocha. Aliyoyasema huko hakuyarudisha mezani, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya Bernie Pavlik. Ijumaa, taa zilipowaka, Corey Wasko alianza. Katika robo ya kwanza alimrushia yule kijana mrefu mpira, na kijana mrefu akaudondosha. Jukwaa lilipiga miluzi. Mpira uliofuata akamrushia huyohuyo, upande uleule, mbele kabisa ya Emil, na safari hii ukadakwa na kubaki. Refa akaita mnyororo. Emil alikimbia nao kwa miguu yake ya miaka sitini na mitano, akaunyoosha, na pua ya mpira ilikuwa imepita mti kwa upana wa kiganja. Hakuruka, hakupiga makofi.

Asubuhi yake alifika kwa Lottie mapema kuliko kawaida. Kofia ilikuwa kitini, na Bernie alikuwa peke yake mezani, bila hata donati.

"Kaa," alisema Bernie. Emil akakaa. Bernie alikigeuzageuza kikombe chake. "Nataka kukuuliza kitu, na usinijibu kwa huruma. Siku ile. Ningekata kulia, ungenifikia ule mpira?"

"Ungekukuta kifuani."

"Mikono yangu ilikuwa mibovu, Emil. Wewe unaijua mikono yangu. Labda ningeudondosha tu."

"Labda."

"Wakati Sobczak alikuwa wazi kule mbele. Nimeliwaza hili miaka yote. Sobczak alikuwa hana mtu. Kwa nini ukanirushia mimi?"

Emil aliinua mikono yake, akaiweka juu ya kipasha joto, akaiacha pale ipate moto.

"Kwa sababu uliudondosha ule wa kwanza," alisema.