Dakika Tano za Salamu

Mikro, kipaza sauti chenyewe, walininyang'anya nikiwa nimefika kwenye jina la kumanda wa polisi. Sikumtukana. Nilikuwa namsalimu. Baada yake, kwenye karatasi, walibaki wakubwa nusu ukurasa, na baada yao wote ndipo ningelitaja shimo. Mwongoza mkutano akaangalia saa, akatabasamu kama mtu anayefunga duka: "Merci mingi, papa! Tumupigie papa yetu makofi!" Watu wakapiga. Nikakaa. Neno shimo hakulisikia mtu.

Nirudi nyuma kidogo. Huku pembeni mwa Likasi, njia ya Kamatanda, tunalala juu ya mawe ya madini yanayouzwa. Shimo letu liko nyuma ya nyumba za mwisho, hatua chache toka bomba la maji. Nilichimba humo mwenyewe, sikatai. Siku ukuta ulipoanguka walinitoa na mguu uliopinda. Shemeji yangu, kaka ya mke wangu, walimtoa kesho yake, wa kuzika. Wenye shimo wakaenda zao, likabaki wazi. Kila mvua mdomo wake unapanuka, na watoto wanapita pale na bidoni zao za maji.

Basi wakubwa walipotangaza kwamba wanakuja kusikiliza mtaa, nikachaguliwa mimi kusema, niliyeachia shule darasa la nne. Walisema nimekaa ndani ya habari yenyewe.

Chama kimoja kikatuletea mwalimu wa kuongea mbele ya watu, dada wa viatu vyeupe. Vumbi letu liliviweka sawa na vyetu kabla ya saa nne. Akasema simama kwa miguu yote miwili. Nikamwambia mmoja hausikii amri. "Basi, papa, simama na ule unaosikia." Usisome, sema. Angalia mtu mmoja, kisha mwingine. Na zaidi: anza na jambo lako, salamu sentensi moja tu. Huyo simlaumu.

Nyumbani nikajaribu mbele ya mke wangu, yeye anatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Minye naliingia mu ile shimo na shemeji. Minye nalitoka..."

"Unasema sawa muntu anatafuta ufunguo chini! Inua kichwa. Ao kaka yangu iko mu viatu yako?"

Mara ya sita hakunicheka. Mchi ukasimama. "Anza vile vile, baba ya batoto," akasema. "Vile vile."

Asubuhi ya mkutano akaja shefu wa mtaa na karatasi, pande mbili zimejaa vyeo.

"Utaanza na protokole."

"Shefu, niko na dakika tano."

"Weye unataka banifukuze? Salimia kila mukubwa na cheo yake, moya moya. Ukiruka moya, shimo yako atairuka naye."

"Na shimo naisema saa ngapi?"

"Kisha."

"Kisha ya nani?"

"Kisha!"

Kwetu hapa hata kwenye arusi mtu hashiki mikro bila kuwapitia wakubwa wote kwa foleni. Nikatii. Na niseme ukweli wangu: ilininogea. Kila niliyemtaja aliinamisha kichwa, hata meya, kwangu mimi mchimbaji wa mguu mmoja na nusu! Nikaanza kuongeza "mheshimiwa sana" ambayo haikuandikwa popote. Dakika zikaenda hivyo, kwa utamu.

Mlangoni kwetu mke wangu akanigeukia.

"Umebasalimia bote," akasema. "Kaka yangu tu njo hukumusalimia."

Mimi ni mwenye kosa wa tatu, ninaliandika bila kulazimishwa. Wa pili ni mwongoza mkutano, yule wa saa, aliyeweza kuniachia pumzi moja na hakuniachia. Wa kwanza ni shefu wa mtaa, aliyechukua dakika tano za marehemu akajinunulia tabasamu za wakubwa. Kwenye ripoti yake aliandika kwamba mtaa umetoa heshima zake. Shimo halimo.

Sasa mvua imeanza. Juzi ukingo umemeza kipande cha njia ya bomba, na watoto wanapita kwa kushikana mikono. Shefu, usiniletee karatasi nyingine. Njoo bombani asubuhi, simama mbele ya mama zao, na ujibu kwa kinywa chako: nani atalifukia, na siku gani?