Salamu za Mafundi Kumi na Tano

DADA KAPITAAA! Jamani kapita! Tena si kupita kwa kusukumwa na upepo, kapita na alama ya juu, na msimamizi wake wa utafiti kaandika kwa mkono wake "kazi nzuri sana". Yule mama huwa hasifu mtu. Ukimwona amecheka ujue ni jino linamuuma.

Basi ngoja nianze vizuri, maana najijua, nikifurahi naruka ruka.

Dada yangu ndiye wa kwanza kwetu, yuko mwaka wa tatu na wa mwisho chuoni, anasomea jamii na lugha za Afrika. Kozi hiyo imemtesa nyumbani kuliko darasani. Mjomba akija lazima amchokoze.

"Kwa hiyo unasomea lugha?"

"Ndiyo mjomba."

"Mbona unaongea tangu una mwaka mmoja na nusu? Na hujanyamaza mpaka leo! Chuo cha nini tena?"

Mama yetu ni msusi, na wateja wake wakishakaa wana maswali kama polisi. Wakimuuliza binti mkubwa anasomea nini, anajibu, "Anasomea watu." Watu gani? "Sisi hawa hawa." Hapo mteja anajitazama kwenye kioo, labda anajiuliza kama naye anasomwa.

Sasa mwaka wa tatu lazima ufanye utafiti wako mwenyewe. Wenzake walichagua mada nzito nzito, ukisikia jina tu unasinzia. Dada akachagua mafundi cherehani. Alitaka kujua fundi anamwambia nini mteja siku kazi haijaisha. Maana wote tumepitia hayo. Umepeleka kitambaa, ukaambiwa Jumamosi, Jumamosi umefika, kitambaa kiko vile vile kwenye mfuko uliokuja nao, na fundi anakuangalia machoni anakwambia, "Imebaki vifungo tu."

Kuna mtaa mmoja karibu na kwetu, vyumba vya mafundi vimepangana pande zote mbili, cherehani mpaka barazani. Dada akajitolea kuchukua nguo za ukoo mzima. Nani ana gauni kwa fundi? Nipe nikafuate. Nani ana suruali ya kupunguza? Nitaenda mimi. Shangazi zangu walifurahi sana mwezi ule. Akifika kwa fundi anasalimia, anaomba ruhusa ya kurekodi na simu, fundi akikubali ndipo anaulizia nguo. Ile ruhusa ilikuwa sheria ya chuo. Mafundi walikataa kabisa kusaini karatasi, karatasi wanaijua wao inakoishia, kwa hiyo msimamizi akasema basi, fundi akubali kwa sauti yake mwenyewe, isikike kwenye rekodi. Na rekodi zisipungue kumi na tano.

Dada akapata kumi na sita! Akarudi nyumbani anatembea kama bibi harusi.

Kisha ndiyo akafanya kosa. Kosa la msomi hasa, sisi wengine hata tusingelifikiria.

Zile rekodi lazima uziandike zote kwenye karatasi, neno kwa neno, mpaka kikohozi. Na salamu za mafundi zilikuwa ndefu hizo! Hujambo, mama hajambo, yule mdogo wako mwenye meno hajambo (meno gani sasa?), masomo vipi, jua la leo umelionaje. Dakika nne, tano, nguo haijatajwa. Dada akaona hapa hakuna utafiti, hapa ni kelele tu. Akapakua programu ya kukatia sauti, akafyeka mwanzo wa kila rekodi mpaka pale nguo inapotajwa. Halafu simu ikaanza kulia imejaa. Akafuta zile ndefu zote. Kumi na sita. Safi kabisa, simu nyepesi.

Jumatatu akampelekea msimamizi. Kazi nzima ilitakiwa ifike Ijumaa. Alivyotusimulia, yule mama alivaa miwani, akasikiliza ya kwanza, ya pili, ya tatu, akavua miwani.

"Ruhusa iko wapi?"

Dada akasema ilikuwa mwanzoni, baada ya salamu.

"Na salamu ziko wapi?"

Dada akasema amezikata.

"Binti yangu, miaka mitatu unasomea jamii, halafu salamu ndizo umetupa?"

Dada akaomba arudi kwa mafundi wakubali upya. Akaambiwa haiwezekani, ruhusa ya leo huwezi kuibandika kwenye mazungumzo ya mwezi uliopita. Ama rekodi kamili kumi na tano ifikapo Ijumaa, ama anarudia mwaka.

Kurudia mwaka kwetu si maneno ya mchezo. Mama anasuka amesimama tangu asubuhi mpaka miguu inavimba, na alishawatangazia wateja wote kwamba mwakani ni zamu ya binti kumkalisha yeye apumzike. Siku ile dada aliingia ndani, akakaa kitandani na begi mgongoni. Hakulia. Ningeona afadhali kama angelia.

Mama akaingia, mikono ina mafuta ya nywele, akasikiliza yote. Nilidhani atapiga kelele. Akauliza tu, "Wale mafundi hukuwatumia?"

"Kuwatumia nini mama?"

"Si walikuwa wanataka kujisikia? Fundi wangu mimi alinikera wiki nzima, eti binti yako kanirekodi, nimetoka vizuri."

Weee! Dada aliruka na begi lake. Kumbe kweli! Kila fundi alivyorekodiwa alisema na mimi nitumie nijisikie, na dada kwa heshima yake akawatumia pale pale, rekodi nzima, kabla hajakata kitu. Kwenye simu yake mwenyewe alishafuta kila kitu kupata nafasi, lakini mafundi je?

Jumanne asubuhi tukaingia mtaani, mimi na yeye. Wa kwanza anaitwa Fundi Kesho, na jina hilo si la kuzaliwa nalo.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba wanangu! Lile gauni la shangazi yenu bado kidogo tu, nilikuwa nalishika sasa hivi..."

"Fundi, hatujafuata gauni."

Mwanaume akapumua mpaka akakaa. Alikuwa nayo. Tena alikuwa ameituma kwenye kundi la familia yao, na kaka yake aliyeko mbali alikuwa amejibu, "Bado muongo tu wewe." Mwingine kaifanya mlio wa simu! Ikilia unasikia sauti yake mwenyewe ikisema karibu, karibu, hujambo. Mwingine hakujua kutafuta, akanipa simu yote na namba ya siri akaitaja kwa sauti mbele ya wateja. Mmoja simu yake ilikuwa imekaa juu ya pasi ya mkaa, hiyo imekwenda, pole yake. Mpaka Jumatano jioni tulikuwa na kumi na nne.

Kumi na nne. Ilibaki moja, ya Mama Pindo.

Mama Pindo ni mzee, kazi yake ni mapindo tu, suruali na mapazia, na mkono wake hauna mfano mtaani. Lakini chumba chake kilikuwa na kufuli. Jirani akasema ameenda kwa binti yake, mbali, atarudi mwezi ujao. Simu anayo ile ya vitufe, isiyopokea rekodi.

"Sasa rekodi yake ulituma wapi?" nikamuuliza dada.

Akatafuta. "Alinipa namba ya mkwe wake."

Yule jirani akaguna. "Mkwe wake? Mungu awasaidie. Wale hawaongei. Nyumba moja, chungu kimoja, neno hakuna."

Mkwe mwenyewe anafua nguo hospitalini. Alhamisi tukaenda. Chumba cha kufulia kiko nyuma, mvuke umejaa, mashine zinanguruma kama zina ugomvi, mashuka yamerundikwa mpaka kifuani. Akatoka mwanamke mrefu, mikono imenywea kwa maji, uso hauna hata dalili ya tabasamu. Dada akaanza kwa upole, shikamoo shangazi, mimi ndiye yule mwanafunzi, nimekuja kwa ajili ya ile rekodi ya mama...

"Siifuti."

"Sijasema..."

"Nimesema siifuti! Kama yeye ndiye amekutuma, mwambie nimekataa. Ipo kwenye simu yangu, ni yangu."

"Shangazi, mimi naiomba. Yangu ilifutika. Bila hiyo narudia mwaka."

Akatuangalia, mmoja mmoja. Halafu akajifuta mikono kwenye aproni, akatoa simu, akatupeleka nje ukutani ambako kelele ni chache. Hakuhitaji kuitafuta, ilikuwa juu kabisa. Akaweka sauti.

Shikamoo, marahaba, karibu mwanangu. Dada anaomba ruhusa, Mama Pindo anasema, "Rekodi tu, mimi sina siri." (Hapo dada akanishika mkono mpaka nikasikia kucha. Ruhusa hiyo!) Kisha dada anauliza, habari za nyumbani?

"Nyumbani wazima. Nisiwe mzima vipi na mkwe niliye naye? Anatoka kazini mgongo umekatika, na bado maji yangu ya kuoga nayakuta ya moto. Mwanangu wa kumzaa hajawahi. Ila mimi simwambii. Nikimwambia atavimba kichwa. Na wewe usimpelekee maneno."

Yule mwanamke akazima. Alikuwa anaangalia ukuta.

"Miaka kumi na moja," akasema. "Sijawahi kuambiwa hata asante. Wakati wa mapumziko nakuja hapa nasikiliza."

Mimi nilikuwa nalia waziwazi, sina aibu. Dada ndiye aliyekuwa amekauka, maana yeye akili ilikuwa imeenda kwingine. Mama Pindo kasema usimpelekee maneno, na dada siku ile ile kamtumia mkwe kila kitu, bila hata kufikiria! Ruhusa ipo, lakini alichokatazwa ndicho kafanya. Akasema hawezi kuitumia mpaka amwambie mzee ukweli. Nikamwambia dada, kesho ni Ijumaa! Hakunisikia. Akaipigia pale pale ile simu ya vitufe ya mzee, akaweka sauti kubwa ili na sisi tusikie.

"Bibi, shikamoo, mimi mwanafunzi wa ile rekodi. Nimepiga kukuomba radhi."

"Ya nini?"

"Ulisema nisimpelekee mkwe wako maneno. Nikamtumia yote. Ameshayasikia."

Mashine zinanguruma. Mkwe ameweka mkono mdomoni.

"Mwanangu," mzee akasema, "kwani ile namba nilikupa mimi au uliiokota?"

"Ulinipa wewe, bibi."

"Nami sikujua simu ni ya nani?"

Na akaanza kucheka! Kicheko kile cha wazee, cha kukohoa. Mkwe akanyakua simu mkononi mwa dada, akaenda nayo nyuma ya mashuka yaliyoanikwa. Hatukusikia walichosema, na hata ningesikia nisingeandika hapa. Tulikaa juu ya ndoo kama robo saa. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akatutumia rekodi, kisha akasema kwa ukali wake ule ule, "Haya ondokeni, nina mashuka ya wodi tatu."

Kumi na tano!

Siku ile dada alisikiliza zote upya, salamu na yote, na ndipo alipopiga kelele mpaka mama akaja na kitana mkononi. Alikuwa ameona kitu. Fundi aliyemaliza kazi anasalimia kidogo tu, hujambo, chukua nguo yako hii hapa. Fundi ambaye hajagusa kitambaa ndiye anayesalimia mpaka kuku wa jirani! Salamu ndefu ndicho kisingizio cha kwanza, kabla ya vifungo, kabla ya umeme kukatika. Wote kumi na nne ni hivyo. Mama Pindo peke yake ndiye aliyevunja kanuni, suruali ilikuwa tayari, imekunjwa mezani, na bado akasalimia dakika sita. Dada akamwandikia ukurasa wake peke yake.

Ijumaa akapeleka, amechoka, kope zimeshuka. Tukangoja wiki tatu. Wiki tatu mama alisuka vibaya, mteja mmoja alitoka upande mmoja una mistari minane, wa pili sita.

Jana matokeo yakabandikwa. Dada alipiga simu akawa hawezi kuongea, anapumua tu, mama anauliza nini, nini, sema mwanangu, mpaka mimi nikamnyang'anya simu nikasikia, "Nimepita. Mwambie nimepita." Mama akakaa chini kwenye kile kiti cha wateja. Alikaa kabisa, akanyoosha miguu, akasema leo hasuki mtu. Mjomba akaja na soda, akasema eti yeye siku zote alijua kozi ni nzuri. Tulimwacha aseme.

Basi ndiyo hivyo. Kama una ndugu au rafiki chuoni anayezunguka na simu kurekodi watu, mtumie habari hii leo, kabla hajakata kitu.