Rafu ya Samaki na Mlango Niliofunga

Ninakumbuka alasiri moja ya mwezi wa sita, mwanangu Banza, nilipokaa sakafuni katika nyumba ya babu yako hapa Kamina, nimezuia pumzi, ili mzee aliyekuwa anabisha hodi adhani sipo. Nilikuwepo. Nilikuwa hatua tatu kutoka mlangoni, msumeno mkononi, na mbao nilizoharibu zimenizunguka.

Kabla sijaendelea, niruhusu nikuite mwanangu. Ni miaka minane tu inayotutenganisha, na mtu wa mbali angecheka. Lakini wewe ni mtoto wa kaka yangu, na kwetu mtoto wa kaka haitwi vingine. Mimi si mzee. Nimesita siku nyingi kabla ya kuandika haya, nikijiuliza kama nina haki ya kumpa mtu nasaha wakati mambo yangu mwenyewe bado hayajakaa sawa. Ila mama yako ameniambia kwa simu kwamba tangu urudi na shahada yako unakula chumbani, na wenzako wakija unamtuma aseme umelala. Hilo nalijua vizuri. Huenda wazee wetu hawalijui kama ninavyolijua mimi.

Nilikuwa nimerudi kutoka Lubumbashi na shahada ya biolojia. Babu yako na bibi yako walikuwa wamekwisha kuhamia Kabongo kwenye mashamba, wakaniachia nyumba niilinde huku nikitafuta kazi. Niliandika barua, nikazipeleka, nikangoja. Nyumba ile ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Asubuhi nilifagia vyumba ambavyo hakuna aliyevichafua. Kuna siku nilimjibu mtu salamu jioni, sauti ikatoka imekwaruza, nikagundua kwamba ndiyo mara ya kwanza kuitumia tangu kuamka.

Ndipo nikaanza kufuga samaki. Mama mmoja aliyekuwa analeta samaki wakavu kutoka upande wa ziwa Kisale aliniletea wadogo walio hai ndani ya bidoni, yaani dumu la plastiki, urefu wa kidole, wenye mistari myeusi ubavuni. Aliniuliza wale wadogo vile watatosha chakula gani. Nikamwambia nataka kuwatazama tu.

"Kubaangalia?" akasema. "Haya, baangalie muzuri. Na njaa nayo itakuangalia."

Nilikata vioo vya madirisha mabovu, nikavigandisha kwa silikoni, nikapata visanduku sita. Kila kimoja kilichukua lita ishirini. Nikavipanga sakafuni sebuleni, na kila asubuhi nilikaa katikati yake. Samaki waliponiona walikuja mbele ya kioo. Najua walifuata chakula, nimelisoma jambo hilo, lakini katika nyumba ile hapakuwa na kiumbe kingine kilichosogea mbele mimi nilipoingia.

Shida ilikuwa saruji. Unaijua baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba, jinsi sakafu inavyouma miguu mpaka mifupani. Ilipofika katikati ya mwezi wa tano, maji yalikuwa yameanza kupoa kutoka chini. Samaki walijikusanya pembeni bila kula. Nikaelewa kwamba nisipowainua kutoka sakafuni kabla baridi yenyewe haijafika, nitawapoteza wote. Nilihitaji etajeri, yaani rafu ya kusimama yenye ngazi tatu, kila ngazi ibebe visanduku viwili.

Ilikuwa kazi ya siku mbili. Mimi ilinichukua zaidi ya mwezi.

Lita ishirini za maji ni kilo ishirini, na kioo juu yake. Nikazidisha. Nikaongeza uzito wa mtu akiegemea. Nikaongeza mtikisiko wa treni, ingawa unajua mwenyewe treni zinavyopita hapa kwa nadra. Nikachora miguu minne, nikaifanya sita, nikairudisha minne na mbao za mshazari nyuma. Nikafikiria misumari na kutu. Nikafikiria mchwa, na hapo nikakwama siku kadhaa, maana hapa Kamina mchwa wanakula hata fremu ya mlango huku unaitazama. Daftari likajaa, na hakuna ubao uliosimama.

Jirani yetu alikuwa Papa Numbi, mzee aliyestaafu. Maisha yake yote alikuwa seremala wa mabehewa katika karakana ya reli, na mke wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Aliniona nikileta mbao kwa baiskeli. Saa kumi ya siku hiyohiyo akaja, akiniita enjenia kama alivyomwita kila aliyetoka chuo kikuu.

"Enjenia! Uko mu nyumba?"

"Niko, Papa."

"Ile mbao ni ya nini?"

"Ya etajeri, Papa. Ya kuweka samaki."

"Ya kukausha?"

"Hapana, wazima. Wako ndani ya vioo."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Samaki itakaa mu etaji, juu mu gorofa, na minyi muzee nalala chini! Bon. Leta nione ile mbao."

Nilikuwa nimekwisha kukata vipande vitatu, na hakuna kilicholingana na kingine. Nikasimama katikati ya mlango asione ndani. "Bado, Papa. Nitakuita ikiisha."

Wiki mbili baadaye akaja tena, na randa yake mwenyewe ameifunga katika kitambaa.

"Ile mbao ya soko haiko laini. Itakukula vidole. Tuirande."

"Asante sana, Papa. Ila bado napima."

"Unapima nini wiki mbili? Iko daraja ya muto Lualaba?"

Nikacheka naye kidogo. Nikapokea randa kwa mikono miwili, kwa heshima yote, nikafunga mlango. Hata namna ya kuishika sikuijua.

Mara ya tatu ndiyo alasiri ile niliyoanza nayo. Baridi ilikuwa imefika. Samaki wawili walikuwa wamekufa asubuhi, na ubao niliokuwa nakata ulikuwa umepasuka kwa urefu. Niliposikia hodi yake niliketi palepale. Nilijiambia kwamba fundi wa miaka yote ile akiona mbao hizi atajua mara moja kuwa shahada yangu haina kazi.

"Enjenia?" Akabisha tena. "Enjenia, minyi njo huyu."

Vumbi la mbao likanipanda kooni. Nikakohoa mara moja, nikaziba mdomo kwa kiganja.

"Bon," alisema polepole. "Minyi nakwenda."

Nilisikia kandambili zake zikivuka kiwanja, zikisita kidogo kwenye jiwe la kona, kisha sikuzisikia tena. Hakurudi kesho yake, wala wiki iliyofuata.

Nilimaliza peke yangu. Rafu ilisimama, imeinama kidogo upande mmoja, nikatia kibao chini ya mguu. Na kwa kuwa mchwa hawakunitoka kichwani, nilichukua mafuta machafu ya injini, yale mafundi wa pikipiki wanayomwaga, nikaipaka yote. Kwetu kila mtu anapaka nguzo za nyumba mafuta hayo. Nikawaza kwamba kama yanafaa nguzoni yatafaa zaidi kila mahali, nikapaka miguu, nikapaka mbao za ngazi juu na chini, mara tatu. Kisha nikapandisha visanduku sita.

Asubuhi ile ilikuwa nzuri, sitakuficha. Mwanga wa dirishani ulipita ndani ya maji ya ngazi zote tatu. Nikageuka ili nimwonyeshe mtu, na nyuma yangu palikuwa na ukuta.

Kila siku nilikuwa namimina maji kwa jagi kutoka juu ili samaki wapate hewa. Mengine yalimwagika juu ya mbao, yakapita katikati ya viungo, yakadondoka katika visanduku vya chini. Siyo kwamba sikuona utando wa rangi rangi juu ya maji. Niliuona. Nikasema ni mafuta ya dagaa waliosagwa ninaowalisha. Baada ya siku chache samaki wa ngazi ya kati na ya chini walikuwa wanapumulia juu, midomo wazi. Nikaandika sababu nane katika daftari, zote za kisomi. Nikaamua kuongeza hewa, maana yake nikamimina maji zaidi. Nilikuwa nawaua kwa mkono uleule niliokuwa nawatibu nao. Katika siku nne visanduku vinne vikawa vitupu. Vikabaki viwili vya juu, nami sikujua kwa nini hivyo vimepona, wala kama vitaiona wiki ijayo.

Nikaenda kwa Papa Numbi. Nilitumia asubuhi nzima kuchagua maneno. Nikachukua randa iwe kisingizio. Nilimkuta nyuma ya nyumba amekaa kwenye kigoda, anachagua maharage katika sinia.

"Papa, nimerudisha randa."

"Ilitumika?"

"Hapana, Papa."

Akatupa kokoto pembeni. "Ile siku ulikohoa."

Maneno yote ya asubuhi yaliniponyoka.

"Nilikuwa kwa mulango, nikasikia unakohoa. Nikasema kumbe mutoto iko, ila hanitaki."

"Nilikuwa naona haya, Papa. Kazi ilikuwa mbaya."

"Haya? Benchi yangu ya kwanza ku karakana, shefu mwenyewe, mukubwa wa kazi, aliikalia, ikamwangusha mbele ya bantu bote. Mpaka siku ya mwisho ya kazi balikuwa banauliza: Numbi, hii kiti tukae, ao tusimame?" Alicheka peke yake, kisha akaacha. "Weye unazani nilikuwa nakuya juu ya mbao? Mbao nimeona mpaka nimechoka nayo. Tangu mama ya batoto alikufa, saa kumi ikifika sijue fasi ya kujiweka. Nikaona kijana iko peke yake pale, nikasema tutakaa babili. Nilikuwa natafuta fasi ya kukaa, mwana. Na weye ulipokea randa, ukaniacha minyi inje."

Mwanangu, miezi yote ile nilikuwa nimehesabu kila kitu. Sikuwahi hata siku moja kufikiri kwamba yule mzee anahitaji kitu. Nilidhani anakuja kunikagua.

Nilipiga goti nikamwomba msamaha. Akasema niinuke, maharage yatamwagika. Kisha akavaa shati, akachukua randa ileile, tukaenda. Akaingia mpaka kwenye rafu. Alipitisha kidole chini ya ubao wa kati, akakinusa, akaninyooshea ninuse. Kilinuka mafuta ya injini, yaliyokuwa yakidondoka na maji katika visanduku vya chini.

"Ulipaka mafuta mpaka huku?"

"Kwa ajili ya mchwa, Papa."

"Mchwa inatoka wapi?"

"Chini."

"Yako inarukaka?"

Nilitaka kumwambia kwamba kuna majira kumbikumbi huruka, nikanyamaza kwa mara ya kwanza.

Tuling'oa mbao zote zilizolala. Akaleta mbao nyembamba za behewa alizokuwa amezihifadhi uani, kavu kabisa, tukazipigilia zikiachana kidogo, na chini ya kila ngazi tukaweka bati lenye mteremko ili maji yakimwagika yaende nyuma, yasidondoke katika kisanduku cha chini. Mafuta yakabaki miguuni tu, mpaka usawa wa goti. Alasiri ya kwanza yeye alikata, nami nikashika. Ya pili mimi nilikata, naye akacheka. Kazi iliisha alasiri ya nne, ila ya tano alikuja pia, akavuta kiti mbele ya samaki waliobaki, akakaa. Hatukuwa tunaongea sana. Wakati mwingine alisema tu, "Ule mukubwa iko na kiburi," nami nikaitika.

Niliwagawa samaki waliobaki katika visanduku vyote sita, na wengi waliiona mvua. Papa Numbi hakuiona hapa. Mwisho wa mwezi wa tisa miguu yake ilianza kuvimba, binti yake akaja kutoka Luena akamchukua akae naye. Nilimpata kwa miezi miwili tu. Ningefungua mlango siku ile ya kwanza, siku aliyocheka akishika ukuta, ningempata kwa muda mrefu zaidi, nami sina pa kwenda kuudai muda huo. Rafu imesimama imara mpaka leo. Alasiri bila yeye ni ndefu, sitakudanganya.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Mtu akija, mfungulie wakati kazi yako bado mbaya, wakati mbao bado zimepasuka na barua hazijajibiwa. Usingoje uwe na kitu kizuri cha kuonyesha. Akicheka, mwache acheke, kisha mwombe ashike upande wa pili. Ukiwa na jambo usilolijua, liulize kabla halijaharibika, hata kama ndilo ulilosomea. Na usidhani kila anayebisha hodi amekuja kukupima. Pengine na kwake kumekuwa kimya tangu asubuhi, na amekusanya nguvu zake zote kuvuka kiwanja. Mimi hofu yangu haijaisha, bado nasikia hodi na moyo unaruka. Ninachofanya ni kuinuka kabla sijaanza kufikiri. Fanya hivyo hivyo. Anza leo, na mama yako, ukale naye mezani.

Mungu, ambaye bibi yako humwita Vidye, akufungulie kazi ya mikono yako na akupe afya ya kuifanya. Akupe marafiki wanaokuambia ukweli usoni na kubaki baada ya kuusema. Na popote atakapokupeleka, usikose mtu wa kukuuliza umelalaje, wala usichoke kumuuliza yeye. Amina.