Wazee Niliowapeleka kwa Profesa

Mkicheka, chekeni polepole, maana bado naona haya. Nilitaka kusomea masters juu ya magonjwa ya majani chai, nikaambiwa nitafute kwanza profesa wa kunisimamia. Barua niliyomtumia mmoja kwa posta haikujibiwa. Halafu nikasikia kwao ni hapa Sosiot, na wikendi huwa nyumbani. Kwetu mtu haendi kuomba jambo kubwa peke yake. Basi Jumamosi nikavaa suti, nikachukua baba, mjomba na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, tukaenda.

Tulipokelewa vizuri mno. Wazee, kama kawaida yao, waliongea kwanza mvua, ng'ombe na bonasi ya chai. Kuku akachinjwa. Mashangazi wa pale wakaanza kufika na vitambaa vipya kichwani. Nikawaza, kumbe elimu inaheshimiwa hivi.

Profesa akaita binti yake kutoka jikoni. "Chebet, huyu ndiye kijana wako?"

Chebet akanitazama kutoka viatu hadi tai. "Baba, mimi huyu simjui."

Nikatoa vyeti vyangu. "Prof, mimi nilikuja kuomba shule."

Profesa alicheka mpaka akavua miwani. "Mwanafunzi nimempokea," akawaambia wazee. "Lakini Jumatatu aje ofisini peke yake."