Nahodha Aliyeamriwa Anyamaze

Jua la saa tatu limeshaanza kuchoma bandari ya Matrah, mjini Maskati. Ghaith Nasr anawavusha abiria mmoja mmoja kutoka gatini hadi kwenye boti ya watalii. Anawashika mkono, anatabasamu, hasemi neno. Nyuma yake Maureen, Mkenya anayegawa majaketi ya kuokolea, anampa kila mgeni spika za masikioni.

“Mzee Ghaith, leo funga mdomo kabisa. Bosi ako na hasira.”

“We Maureen, kwani mie kasuku, nifunikwe kitambaa ninyamaze?”

“Heri kasuku. Huyo akifunikwa ananyamaza.”

Ghaith, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, hutoka Mabela, pembezoni mwa jiji, kila alfajiri. Zamani alikuwa na kazi mbili: kushika usukani na kusimulia. Akifika chini ya majabali ya Maskati ya kale, ambako mabaharia walipaka rangi majina ya meli zao, alizima injini. Watu wakasoma, wakauliza, naye akajibu.

Mwaka huu kampuni imeleta sauti iliyorekodiwa kwa lugha tano. Kiswahili hakimo. Mshahara wa Ghaith umeshushwa kutoka riali 450 hadi 320, eti sasa ni dereva tu.

Sauti ile haimsubiri mtu, na injini hairuhusiwi kuzimwa. Upepo ukiichelewesha boti, wageni huambiwa watazame ngome ilhali mbele yao pana jabali tupu. Nao hulipiga picha jabali.

“Inaniuma,” anasema Ghaith. “Wanaondoka na uongo, na mie nipo, nimeshika usukani.”

Wiki iliyopita alipanda Bi Masouda, ajuza wa mtaa wa Azaiba aliyepita miaka sabini, pamoja na mjukuu wake, Bashayer. Walipokaribia majabali, bibi akazivua spika.

“Mwanangu, hiki kidude kinasema mengi, lakini hakitaji meli iliyotutoa Unguja. Tulishukia wapi? Mie nilikuwa mtoto, nnakumbuka kubebwa tu.”

Ghaith alilijua jibu. Alijua pia kwamba ameshaonywa. Akazima injini.

Akamwonyesha maji ya nje ya ghuba. Enzi zile hapakuwa na gati la meli kubwa. Abiria waliteremka kwa ngazi hadi kwenye mashua za makasia.

“Na mama yangu alishuka pale pale, bahari imechafuka. Akisema siku zote, ‘Maskati niliiona kwanza huku natapika.’”

“Wallahi, hata sie!” Bi Masouda akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio. Bashayer akamshika bega. Masikioni mwa wengine, sauti ilikuwa imeshafika kwenye ngome ambayo boti haijaiona.

Mgeni mmoja alilalamika. Jioni Ghaith akapewa onyo la mwisho: akisimamisha boti tena, kazi hana. Ana watoto wawili shuleni, na kwa umri wake hakuna wa kumwajiri.

Aliomba arekodi Kiswahili mwenyewe, bure.

“Wakaniuliza, watalii wa Kiswahili wangapi? Nikawajibu, nani kasema watalii? Sie wenyeji tuliotoka Unguja!”

Tangu hapo hupita chini ya majabali bila kupunguza mwendo, uso kaukaza mbele. Juani, rangi ya majina inazidi kubanduka. Lakini Ijumaa Bi Masouda anarudi na dada zake, na Ghaith ameshakata shauri.

“Ntasimama,” anasema. “Wakinifukuza, ntakata tikiti, nikae na abiria. Abiria hakuna wa kumwambia anyamaze.”