Koo Mbili Zilizomkataa Mama Mdogo

Siku ya pili ya kesi nilitoka nje kwenda chooni, nikamkuta mjomba wangu kwenye korido ya mahakama ameshikana mikono na kaka mkubwa wa baba mdogo, mume wa mama mdogo. Walikuwa wanacheka kwa sauti ya chini, kama watu waliomaliza kuuziana ng'ombe. Miaka yote mjomba alikuwa akisema Wahindi wanaabudu sanamu na nyumba zao zinanuka. Yule mzee wa Kihindi naye hakuwahi kunywa hata maji kwetu. Sasa walikuwa marafiki, na kilichowapatanisha ni maiti ya mama mdogo, iliyokuwa bado mochari ikisubiri uamuzi. Niliingia chooni nikatapika chai yote ya asubuhi.

Mama mdogo alikuwa kitinda mimba kwa akina mama yangu. Mama alipofariki nikiwa darasa la tatu, yeye ndiye aliyenichukua, nikalelewa kwake, kwanza mtaa wa Dandora, baadaye Ziwani. Sisi ni watu wa magharibi mwa Kenya, watu wa kanisa. Babu alikuja Nairobi kufanya kazi kiwandani, na watoto wake wakabaki huku Eastlands. Mama mdogo alikuwa akishona nguo kwenye soko la Gikomba, na huko ndiko alikojuana na baba mdogo, Mhindi aliyekuwa akitengeneza vyerehani. Kiswahili chake kilikuwa cha Gikomba kabisa. Alikuwa mtu wa kunong'ona, hata akikasirika.

Watu wanadhani mama mdogo aliingia Uhindu kwa sababu ya mwanamume. Si kweli. Alianza kwenda hekaluni peke yake, kabla ya posa yoyote, mwaka uleule tuliomzika mama. Nilimuuliza anafuata nini kule.

"Hawaniambii dada yangu amekwisha," alinijibu. "Wananiambia roho haifi, inahama tu, kama sisi tulivyohama Dandora."

Akaacha nyama. Akapanda mrihani kwenye mkebe wa mafuta mlangoni, na kila asubuhi akawa anaumwagilia maji huku akiomba. Walipooana walizunguka moto mbele ya kuhani wa hekalu, wakaandikisha ndoa yao serikalini kama sheria inavyotaka. Mimi nilikuwepo, nimevaa gauni alilonishonea yeye mwenyewe.

Wiki iliyofuata alinichukua tukaenda kuwasalimia wakwe, upande wa Ngara. Tuliketishwa kwenye benchi la nje. Hakuna aliyetuletea chochote. Baada ya muda mfupi tuliaga, na tulipofika getini niligeuka. Mke wa yule kaka mkubwa alikuwa amemwaga ndoo ya maji juu ya benchi na analisugua kwa brashi, pale pale tulipokaa. Nilikuwa na umri wa kutosha kuelewa.

"Usiangalie," mama mdogo aliniambia. "Twende."

Baba mdogo alipoambiwa, alihamia kwetu Ziwani moja kwa moja, akaacha nyumba ya ndugu zake na asirudi.

Na kwetu je? Mjomba alikuja kutuona mara moja. Mama mdogo alimpikia dengu na chapati. Mjomba alikichukua chakula kile, akatoka nacho nje, akamtupia mbwa wa jirani mbele ya macho yetu, kisha akanawa mikono. Akina mama wa kanisa waliwakataza watoto wao kupokea peremende alizoleta mama mdogo kutoka hekaluni, eti zimetiwa majini. Watu haohao walimletea sare za shule za watoto wao azishone, na wala hawakuogopa majini kwenye sindano.

Sukari ndiyo iliyomuua. Siku zake za mwisho hospitalini alitushika mikono, mimi na baba mdogo, akasema waziwazi: "Nikifa nichomeni pale Kariokor, wanakochomwa Wahindu. Msinipeleke kijijini."

Alipofariki tulikwenda kuutoa mwili, tukaambiwa umezuiwa. Mjomba alikuwa ameshapata amri ya mahakama. Nilimpigia simu.

"Mtoto wa mama yangu hatachomwa kama takataka za jalala la Dandora," alinifokea. "Na wewe msichana, usiniingilie mambo ya ukoo."

Mahakamani wakili wake alieleza kuwa mila yetu inamtaka mtu azikwe kwenye ardhi ya wazee wake. Hilo nililitarajia. Sikutarajia kumwona kaka mkubwa wa baba mdogo akiapishwa kuwa shahidi wao.

"Mtu huzaliwa Mhindu," alisema. "Hawezi kugeuka tu akawa Mhindu. Kwetu kuna tabaka, na huyu mwanamke hakuwa na tabaka lolote. Kumchoma mahali walipochomewa wazazi wangu ni kutia najisi mahali hapo."

Hakimu, mama wa makamo, alivua miwani. "Basi ndugu yako amekuwa akiishi na nani miaka yote hii?"

"Na mfanyakazi wake wa nyumbani."

Baba mdogo alisimama. Askari akamwashiria akae. Mimi nilimtazama mjomba. Dada yake alikuwa ametukanwa mbele ya watu, tena na mtu baki, na yeye akawa anatikisa kichwa kukubali! Baada ya hapo ndipo hakimu alipotoa mapumziko, na ndipo nilipowakuta kwenye korido.

Tuliporudi, kuhani aliitwa. Alikuwa mzee mfupi, ana mafua, anapenga kamasi kila baada ya sentensi. Wakili wa mjomba alimuuliza kama kweli Mwafrika anaweza kufunga ndoa ya Kihindu.

"Niliwafungisha mimi," alisema kuhani. "Aliniambia anaamini, nami nilimwona akiamini. Niliwasomea maneno yale yale ninayowasomea wote. Kama ile si ndoa, basi na ya yule bwana pale si ndoa, maana yeye pia nilimfungisha mimi."

Watu walicheka. Kaka mkubwa akainamia viatu vyake.

Hakimu alisoma uamuzi wiki hiyo hiyo. Alisema sheria ya Kenya inaitambua ndoa ya Kihindu sawa na ya kanisani, katiba inampa kila mtu uhuru wa kuchagua dini yake, na mume ndiye mwenye haki ya kwanza juu ya mwili wa mkewe, hasa pale ambapo marehemu mwenyewe alisema anachotaka. Mjomba alitoka bila kututazama.

Tulimchoma Kariokor, watu wachache tu. Wazee wawili wa hekalu walisema mwanamke hatakiwi kusimama hapo. Kuhani aliwaambia mimi ndiye mtoto pekee aliyekuwa naye, hivyo tukauwasha moto pamoja, mimi na baba mdogo. Sitadanganya: harufu ya samli na nywele zinazoungua ilikuwa kali. Lakini niliivumilia. Ilikuwa harufu safi kuliko ile korido.

Mwezi haukuisha, mjomba akatuma picha kwenye grupu ya familia. Kijijini kwao walikuwa wamenunua jeneza, wakalaza ndani yake shina la mgomba badala ya mwili, wakaita mchungaji, wakalizika. Chini ya picha aliandika: "Hatimaye dada yetu amepumzika kwa heshima." Watu wakamwaga emoji za maua na mikono ya sala. Mwanamke ambaye hawakuweza kula chakula chake walimlilia akiwa mgomba.

Nilijitoa kwenye grupu papo hapo. Nilimpelekea baba mdogo simu nikitaka naye akasirike, nisiwe peke yangu. Aliitazama ile picha, akaivuta kwa vidole aone nyuso vizuri.

"Waliimba?" aliniuliza.

"Nani?"

"Hao, wakati wa kuzika. Alikuwa anapenda nyimbo za kwenu. Alikuwa anaziimba akishona."

Nilimwambia bila shaka waliimba, kwetu hakuna maziko bila nyimbo. Aliitikia kwa kichwa, akanirudishia simu, akaendelea kufungua cherehani cha mtu kilichokuwa mezani. Yeye aliridhika. Mimi nilitoka nje nikatema mate kwenye mtaro, nikasimama hapo mpaka hasira ikapoa kidogo, ndipo nikaingia kumpikia chai.